Vitu vya "nikijenga": maneno ya dereva wa kirikuu kwenye kikoba

Jumapili iliyopita niliitwa kuongea kwenye kikoba anachocheza mama watoto wangu, kile kikundi chao cha kuweka akiba kwa hisa, mada wakaniambia ni kupanga nyumba ndogo ikapangika. Waliokosa siku ile wameomba niandike, kwaiyo nimeandika kama nilivyoongea, pale walipocheka nimepaacha na pale walipozomea pia nimepaacha.

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyie wengine shikamooni. Mama mwenyekiti asante kwa nafasi na asante kwa hii soda, nimeona wengine mmepewa maji.

Mimi sio mtaalam wa mambo ya ndani, niseme mapema. Mimi ni dereva wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mwaka wa tisa huu nahamisha watu humu Dar, Mabibo kwenda Mbezi, Mbezi kwenda Mbagala, Mbagala wanarudi tena Mabibo, na kazi hii inakufundisha kitu kimoja, mtu akihama hana siri. Sebuleni kwake umekaa miaka na miaka unakunywa chai unaona kapendeza, shokesi inang'aa, kitambaa cha tivii kimenyooshwa, alafu siku ya kuhama kitanda kinafunguliwa bolti, uvungu unabaki wazi mbele ya majirani na watoto wa mtaa, hapo ndo unamjua mtu. Nshatoa uvunguni kwa watu mbuzi wa kukunia nazi wanne. Wanne jamani! Na huyo mtu ananunua nazi iliyokunwa sokoni.

Sasa kuna mteja wangu mmoja, simtaji hata mtaa, nimemhamisha mara tatu. Mara ya kwanza nilibeba boksi moja limezungushiwa gundi ya karatasi, limeandikwa kwa maka peni VYOMBO 2. Mara ya pili boksi lile lile, gundi ile ile, halijafunguliwa. Mara ya tatu nikashindwa kuvumilia nikamuuliza dada yangu humu kuna nini, akasimama akafikiria, akasema kweli sijui. Tukafungua pale pale juu ya gari. Mlikuwa na vitasa viwili vya milango, mapazia ya madirisha makubwa, na bomba la sinki la jikoni. Na huyu dada kwake hana sinki, anaosha vyombo uani kwenye beseni kama sisi wote. Nikamuuliza hili bomba la nini, akanijibu kwa upole kabisa, "la nikijenga".

Kiwanja kiko Chanika na bado kina mihogo ya watu, na bomba lishasafiri mara tatu kwa nauli yangu.

Mnacheka, lakini ngoja tupige hesabu kwanza, nyie si wanakikoba mnapenda hesabu. Chumba cha kawaida cha kupanga tuseme futi 10 kwa 10, hiyo ni futi 100 za mraba. Tuseme unalipa laki moja kwa mwezi, naomba msibishane na mimi kuhusu bei za kwenu. Maana yake kila futi moja ya sakafu unailipia elfu moja kila mwezi. Kitanda cha 5 kwa 6 kimekula futi 30, yani kitanda peke yake kina kodi ya elfu 30, sio mbaya, unalala. Sasa angalia ile kona ya maboksi na yale mabegi makubwa, futi 3 kwa 4, hiyo ni 12, kwaiyo elfu 12 kwa mwezi, kwa mwaka laki na 44 elfu. Laki na 44 unalipia kodi ya vitu ambavyo hujavigusa tangu uhamie. Na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, na dalali naye anataka ya kwake mwezi mmoja, kwaiyo hata dalali umemlipa kwa ajili ya bomba la sinki.

Sasa mimi kwa kubeba beba nimegundua vitu vinavyotujazia nyumba vingi sio uchafu, huo ndo ugumu wenyewe, ingekuwa uchafu tungetupa. Ni vitu vizuri vya maisha ambayo hatuishi. Kuna vya nikijenga. Kuna vya wageni. Kuna sare, hizo za harusi na kitchen party na send off, kitenge cha shughuli moja, kila shughuli rangi yake, mtu ana sare kumi na saba na za kuvaa kila siku ana dera mbili. Na kuna vya watu, hivi ndo vinaniumiza mimi, godoro la shemeji aliyeenda Mwanza "mara moja" mwaka 2020, feni mbovu ya mpangaji aliyetoka, cherehani ya shangazi ambayo haina sindano wala mkanda lakini ukiigusa shangazi anajua akiwa Korogwe huko huko.

Niongelee vya nikijenga kidogo maana najua humu nagusa watu. Hoja yenu naijua, mama mmoja pale mbele ashainua mkono, subiri mama. Mnasema hela hailali ndani, ukiwa na laki mbili wiki hii mtoto anaumwa, wiki ijayo msiba, bora ununue kitu kikae. Ni kweli, sibishi. Mimi mwenyewe nimetoka kwenye familia iliyojenga kwa kununua bati mbili mbili. Lakini lazima tuulizane ni kitu gani kinakaa na kitu gani kinajifanya kinakaa. Vigae havina shida, ukiviweka hata miaka kumi ni vigae vile vile, ila viko vizito na vinavunjika kila ukihama. Saruji je? Mfuko wa saruji kwa unyevu wa Dar ukikaa miezi kadhaa chumbani unaanza kushika mabonge, baadae ni jiwe, nimebeba majiwe ya saruji mimi na mtu ananiambia "weka taratibu". Rangi inaganda kwenye ndoo. Milango ya mbao inapata mchwa kwa chini ile sehemu inayogusa sakafu na huoni mpaka siku unainyanyua. Mapazia ulipima madirisha gani? Nyumba yenyewe haina ramani. Wazee walisema akiba haiozi, sawa, lakini wao walikuwa wanaongelea ghala lenye hewa, sio chumba chenye dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani.

Mimi nasema hivi, kisichooza kipeleke kikae kwa ndugu mwenye eneo au huko huko kiwanjani kama kuna mlinzi, na kinachooza kiuze, hela yake iingize humu humu kwenye kikoba kama hisa. Hisa haipati mchwa na haihitaji kirikuu. (Hapa wakapiga makofi, mweka hazina zaidi.)

Vya wageni sitakaa sana. Seti tatu za glasi, hotpoti sita, sahani za udongo dazeni mbili, na watoto wanakula kwenye plastiki iliyokatika mdomo. Jiulize siku ya kawaida, sio sikukuu, umewahi kupata wageni wangapi kwa wakati mmoja, wengi wanasema wanne, watano. Basi bakiza vya watu sita na mvitumie na nyie wenyewe. Siku ya shughuli kubwa hata hivyo hivyo vyako havitoshi, utakodi tu kama unavyokodi viti na turubai. Na hapa nina wazo kwa kikoba, nimeona wenzenu wa Buguruni wanafanya, sufuria kubwa zile za pilau na mabeseni ya kuoshea wamenunua ya kikundi, yanakaa kwa mtu mmoja mwenye stoo, mwenye shughuli anachukua anarudisha yameoshwa. Watu ishirini hawahitaji masufuria ishirini ya kilo kumi kumi, kila moja limelala juu ya kabati linasubiri harusi.

Vya watu. Hapa pana adabu yake maana huwezi kutupa kitu cha ukweni. Usiseme "njoo uchukue mzigo wako", hiyo ni vita. Piga simu useme shemeji, masika yanakuja na pale kwetu panavuja, naogopa godoro lako litaharibika, nataka nilipandishe basi, utalipokea lini? Umeona, umemjali. Akitaja siku, tuma. Akisema mara "ntakwambia", mara "we ligawe tu", shika hilo neno la mwisho haraka kabla hajabadilisha, muombe akuandikie meseji kabisa. Nauli ya godoro kwenye basi ni ndogo kuliko kodi yake hapo kwako, rudini kwenye zile futi mtaniambia.

Haya, kupanga sasa. Kwenye YouTube kuna watu wanafundisha kwamba toa kila kitu ulichonacho, mwaga katikati ya nyumba, uanze kuchagua. Hao wana baraza, wana gereji, na kwao mvua inatoa taarifa. Wewe ukitoa kila kitu uani kwenye nyumba ya wapangaji sita, kwanza hakuna pa kupita, pili watoto watachezea, tatu saa tisa mvua hiyo na mtu wa kukusaidia kurudisha hayupo, vitu vinarudi ndani vimelowa na hovyo kuliko mwanzo. Mimi kipimo changu ni mkeka mmoja. Jumamosi asubuhi tandika mkeka, toa kitu kimoja, boksi moja au begi moja au rafu moja ya kabati, kinachoenea kwenye mkeka ndo kazi ya siku hiyo, mkeka ukijaa basi. Kufika adhuhuri umemaliza. Vinavyobaki virudi ndani. Vinavyotoka vitoke siku hiyo hiyo, yani visilale, kitu cha kutoka kikilala usiku mmoja asubuhi utakikuta kimerudi uvunguni na hutajua nani kakirudisha. Nguo kuna wale wanaopita na mabeseni wanabadilishana, chuma chakavu wanapita na mkokoteni kila siku wanapiga kelele mpaka mnawachoka, makopo na chupa kuna waokotaji. Hii Dar kitu hakikosi mtu, we ndo hutaki kukiachia.

Maboksi ya karatasi nayaomba yatoke yote. Najua mnayapenda, boksi la tivii, boksi la blenda, eti siku ya kuhama. Boksi linanyonya unyevu, nguo zinapata ukungu na ile harufu, na mende wanapenda kujificha kwenye zile kunjo kunjo zake, mimi nikibeba boksi lililokaa miaka natembea nimelinyoosha mikono mbele hivi. Chukua ndoo za rangi za lita 20, zioshe vizuri, zina mfuniko unaobana, hizo weka viatu, waya, vifaa. Za chakula tafuta zilizobeba chakula, zile za mafuta ya kula, unga na maharage humo, panya hali plastiki ngumu kirahisi. Na sanduku la safari lililoko juu ya kabati, hivi mnajua kila nyumba ninayoingia lile sanduku ni tupu? Tupu kabisa, au lina sanduku dogo ndani nalo tupu. Weka humo mashuka ya wageni na masweta ya kwenda Njombe.

Alafu mifuko. Mnakumbuka tarehe moja mwezi wa sita 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tukaanza hii ya kitambaa kitambaa, tukasema sasa tutatumia mmoja mara nyingi. Nani hapa hana mfuko uliojaa mifuko nyuma ya mlango? Kimya. Bakiza mitano, mingine mpelekee muuza genge, atakushukuru na fungu la mchicha juu.

Bibi yangu alikuwa Pangani, nyumba ya udongo, vyumba vidogo kuliko hivi vyetu, na sakafu ilikuwa wazi unaweza kucheza bao katikati. Siri yake ilikuwa juu. Alikuwa na susu, vijana hamjui susu, ile kamba imesukwa kama wavu inaning'inia kwenye boriti, vyungu na mabakuli humo, paka hafiki panya hafiki. Koroboi ilikaa kwenye kiango ukutani. Nyungo zilitundikwa, mikeka ilikunjwa ikasimamishwa. Na ukienda kwenye nyumba za mawe za Lamu kuna zile zidaka, vishimo vimetengenezwa ndani ya ukuta safu kwa safu, watu waliweka vyombo vya kauri humo. Wazee walitumia ukuta. Sisi tunalipia futi 100 za chini alafu kuta nne tumezipa kalenda na saa.

Najua mwenye nyumba hataki misumari. Muombe umuonyeshe, sehemu mbili tu, msumari wa zege na ubao, umwambie ukihama ubao unabaki, wengi wanakubali wakisikia kitu kinabaki. Akikataa kuna fremu za kusimama, za mbao au za chuma, mafundi wa Keko na Gerezani wanakuchongea kwa kipimo chako, nyembamba ndefu mpaka karibu na dari, na unahama nayo. Juu ya mlango pia pana nafasi, ubao mmoja pale unabeba vitu vya mara moja kwa mwaka.

Uvungu sasa, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame, na tumeinama sana. Ukipandisha kitanda kwa matofali manne, kila mguu tofali moja la inchi 6 limelazwa, umepata nafasi ya masanduku. Lakini kitanda kisiyumbe, ukiona kinacheza shusha, sitaki kuitwa kwenye kikao cha ndoa. Acha vidole viwili kati ya vitu na ukuta hewa ipite. Kama mnakaa bondeni, Jangwani, Kigogo, huko Msimbazi ukifurika, uvunguni usiweke kitu kisichopenda maji, mambo yote juu.

Na mtungi wa gesi usiuweke uvunguni, wala ndani ya kabati lililofungwa, wala usiulaze. Nimekuta mtungi wa akiba wa kilo 15 umelazwa chini ya kitanda cha watoto, nikakaa chini kwanza. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi dirishani, inashuka inatambaa chini chini, yani inakusanyika pale pale mtoto alipolala. Mtungi usimame, penye hewa, basi. Na wenye vijana wa bodaboda, dumu la petroli chumbani hapana, sitaki hata tulijadili.

Madumu ya maji siwezi kuwaambia mpunguze, mgao mnaujua, mwishoni mwa 2022 tulilala na madumu kama wageni. Ila yapangwe sehemu moja na yote yafunikwe. Homa ya dengue ilitupiga Dar 2014 ikarudi 2019, na mbu anayeileta hataki mtaro mchafu, anataka maji yako masafi yaliyotulia kwenye ndoo, na anauma mchana. Mayai yake yananata kwenye ukuta wa ndoo, ukimwaga maji yanabaki yamekauka yanasubiri miezi, ukijaza tena yanaanguliwa. Kwaiyo kumwaga tu haitoshi, sugua ndani kwa brashi. Ile ndoo iliyopasuka unayosema utapandia maua itoke, hujawahi kupanda.

La mwisho ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, mnalisema kila kikao hapa kwa ajili ya hisa, mbona hamlisemi nyumbani? Kila ndoo na kila sanduku lipe namba, alafu kwenye daftari andika namba 1 nini na nini, au piga picha na simu kabla hujafunga mfuniko. Yule dada wa bomba angejua. Na vyeti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule, mkataba wa kiwanja, vyote kwenye mfuko mmoja usioingia maji, utundikwe juu, na kila mtu mzima ndani ajue ulipo. Mimi niliwahi kurudi tupio la taka saa nne usiku na tochi ya simu kutafuta cheti cha form four cha mtoto wa mteja, kilikuwa kwenye mfuko wa Rambo wa zamani pamoja na magazeti. Tulikipata, kina mafuta ya samaki.

Maswali.

Dada mmoja aliuliza nguo za marehemu mama yake, ana sanduku zima na hawezi kulifungua. Nikamwambia dada hilo usilete kwenye mkeka wangu. Kwetu arobaini ikifika nguo zinagawiwa, shangazi anachukua hili, mjukuu lile, ndugu wapo, wali upo, watu wanalia pamoja. Kama ilipita hukuweza, ita shangazi zako siku moja mfungue wote. Chagua kanga moja, na uivae, usiifungie.

Mama aliyeinua mkono mwanzoni akauliza bomba la sinki lilishafikia wapi. Nikasema yule dada alimuuzia fundi mmoja, na vitasa pia, mapazia kayapunguza kayatundika, yanafika chini mpaka yanafagia.

Alafu nikaona mama watoto kasimama. Nikamwambia wewe si mwanakikoba tu leo, au unauliza kama nani? Akasema anauliza kama mpangaji mwenzangu, anataka kujua ile gia boksi ya lile gari nililoliuza 2017, iliyoko uvunguni kwetu imefungwa kwenye gunia, namba yake kwenye daftari ni ngapi. Ukumbi ukalipuka. Nikasema mama mwenyekiti, gia boksi ile ni nzima, inafaa kwa gari nyingine nikinunua. Mama mwenyekiti akaniuliza, "nikinunua?"

Nikasema Jumamosi itatoka. Mama watoto akauliza Jumamosi ipi, na katibu akaandika.